Kifuniko cha Agaseke

Gihundwe imekaa kwenye vilima vya Rusizi, Rwanda, jirani na Kamembe, na ukivuka mpaka tu uko Bukavu. Mama msusi ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, ubavuni ana bakuli la maji lenye nyuzi za katani. Anasuka agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho kimo hata katika nembo ya taifa ya Rwanda iliyopitishwa 2001.

Majani ya katani yalishaparwa yakabaki nyuzi nyeupe, zikaoshwa, zikaanikwa. Zamani rangi nyeusi ilipatikana kwa kuchemsha ua la mgomba. Siku hizi rangi nyingi hutoka dukani.

Anaanza na kitako. Anashika nyasi kavu chache, anazizungushia uzi, anazikunja kuwa duara dogo kama kifungo cha shati. Sasa inafika zamu ya uruhindu, chuma chembamba chenye ncha na mpini wa mti. Anatoboa mzunguko wa chini, anapenyeza uzi, anaukaza kwa kidole gumba. Anatoboa, anapenyeza, anakaza. Fungu la nyasi likianza kukonda, anachomeka unyasi mmoja au mbili katikati, na hata ukiinama karibu huoni ulipoungwa. Hapo ndipo nilipomvulia kofia: ukuta wote una unene mmoja.

Mchoro hana. Mistari myeusi ya kupanda na kushuka huihesabu kwa mishono, na kikapu kinavyotanuka hesabu nayo hubadilika. Katika mzunguko mmoja uzi mweusi ulichelewa mshono mmoja. Mimi sikuona. Yeye aliona, akafumua mzunguko mzima bila kuguna, akalowesha nyuzi, akarudia. Wanaobishana naye bei sokoni wangekaa hapa kwanza.

Kazi ngumu zaidi ni kifuniko. Huanzia kwenye ncha, kikashuka kikipanuka, na mdomo wake lazima uoane na wa kikapu: kikibana hakifunguki, kikilegea kinacheza. Kila baada ya mizunguko michache anakiweka juu ya kikapu, anakizungusha, anakitoa, anaendelea.

Kikapu hiki kitabeba zawadi harusini, au chakula cha mzazi aliyejifungua. Mgeni atasifu michoro. Anayejua vikapu atakifunua, atapitisha kidole ndani akitafuta ncha za nyuzi zilizoachwa nje. Nilipitisha changu, zote zilikuwa zimerudishwa ndani ya nyasi.