Shujaa Asiyesafiri: Fani ya Mchezo wa Kompyuta na Kambi ya Dadaab
Programu za RPG Maker, ambazo ya kwanza ilitolewa Japani mwaka 1992, humwezesha hata asiyejua lugha ya kompyuta kutunga mchezo wa hadithi. Hata hivyo, fani yake imekwisha kumchagulia mtunzi msuko: shujaa husafiri, hushinda, hupanda daraja. Dadaab, iliyoanzishwa mwaka 1991, inausaili msuko huo, kwani kwa miaka mingi mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Je, fani hiyo haimfai mtunzi wa Ifo au Hagadera? La. Mizani 8 za utenzi hazijawahi kumziba malenga mdomo. Programu humruhusu mtunzi kuliwekea lango sharti la kufunguka. Sharti lisilotimizika husimulia kungoja kwenyewe. Aipindaye kanuni hivyo ndiye aimilikiye.