Kuchenjua Wimbi

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wanajua kwamba mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikishapita kwenye karasha, kazi ya subira ndiyo kwanza inaanza. Huoshwa mwaloni taratibu, mchanga uende na maji, dhahabu ibaki. Mtafiti anayesafisha mawimbi ya mvutano yaliyotoka kwenye uigaji wa mashimo meusi hufanya uchenjuaji wa aina hiyo, ila yeye huosha namba.

Kwa miongo mingi hata mbale yenyewe haikupatikana. Hesabu za Einstein zilivurugika ndani ya kompyuta kabla mashimo mawili hayajaungana. Mwaka 2005 Frans Pretorius, mzaliwa wa Afrika Kusini, akazifikisha mwisho.

Kompyuta haitoi wimbi lililo tayari. Hutoa Psi4, kipimo cha mkunjo wa anga na wakati, kilichorekodiwa kwenye matufe ya kufikirika yanayoyazunguka mashimo kwa mbali. Mtafiti huanza kwa kutazama mchoro tu. Mwanzoni pana mtikisiko mkali: ni takataka, kwa sababu hali ya kuanzia iliyotungwa haifanani kikamilifu na mashimo yaliyokwisha kuzungukana muda mrefu. Huungoja upite, ndipo akate.

Kisha inakuja hatua ninayoistahi kuliko zote. Ili kupata wimbi, Psi4 lazima ijumlishwe mara mbili kufuata wakati. Kosa dogo, lisiloonekana kwa macho, huvimba katika kujumlisha huko, na mchoro uliopaswa kupanda na kushuka kuzunguka sifuri huanza kupaa. Mwenye haraka angeunyoosha kwa nguvu. Mtafiti mzuri huuvunja katika masafa yake, akajiuliza mashimo yalianza kuzungukana kwa kasi gani. Wimbi kuu hutikisika mara mbili katika kila mzunguko. Katika wimbi hilo, chochote kilicho chini ya masafa ya mwanzo hakikutoka kwenye mashimo. Christian Reisswig na Denis Pollney waliieleza mbinu hiyo mwaka 2011: masafa ya chini hayaruhusiwi kukuza kosa kupita kikomo kilichowekwa. Kikomo kikipanda mno, wimbi halisi huumia. Kikishuka mno, mchoro hupaa tena. Hujaribu, hutazama, hujaribu tena.

Baadaye hurudia uigaji wote kwa gridi tatu, kila moja laini kuliko iliyotangulia. Kwa mbinu ya daraja la nne, nafasi za gridi zikipunguzwa nusu, kosa hupungua mara 16. Lisipopungua hivyo, hata mchoro mzuri kiasi gani haukubaliwi, na wiki za kompyuta huanza upya.

Mwisho ni mizania. Katika mgongano ulionaswa na vipokezi vya mawimbi ya mvutano vya LIGO tarehe 14 Septemba 2015, mashimo yenye uzito wa takriban Jua 36 na 29 yalibakiza shimo moja la 62. Uzito wa Jua 3 hivi ulitoka kama mawimbi. Mtafiti hukokotoa nishati iliyomo kwenye wimbi alilolisafisha, kisha huilinganisha na uzito uliopotea kwenye mashimo. Hesabu mbili zilizopita njia tofauti zikikutana, ndipo anapolihifadhi faili.