Usiku wa 17 Januari jukwaani: na ba Tshombe, beko wapi?

Wandugu, nilienda kuona mchezo wa vijana wa hapa Lubumbashi juu ya usiku wa 17 Januari 1961, na mpaka leo unanisumbua. Si kwamba ulikuwa mubaya. Kijana aliyecheza Lumumba alikuwa mukali kabisa. Alishushwa kwenye ndege mikono imefungwa, nyuma yake Mpolo na Okito, bila neno hata moja, na ukumbi mzima ukanyamaza. Hapo ndipo nilisikia kwa mwili kile nilichosoma miaka yote: walikuwa watu watatu. Sisi tumezoea kumulilia mmoja.

Kisha wakaingia wauaji. Wote Wabelgiji: kaptula za kaki, unga mweupe usoni, Kifaransa cha kuchekesha. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Papa mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti: « Na ba Tshombe, beko wapi? » Hakuna aliyemujibu.

Papa alikuwa na haki. Usiku ule Tshombe, Munongo na baminisitiri wengine wa Katanga walifika kwenye nyumba ambamo wafungwa walipigwa, wakafika hata porini walipouawa. Askari waliofyatua walikuwa Wakatanga, chini ya maofisa Wabelgiji. Waliowatuma huku walikuwa Léopoldville, watu wetu pia. Wabelgiji, tume ya bunge lao ilikubali lawama mwaka 2001, na 2002 serikali yao ikaomba radhi. Na sisi? Tunapaka unga usoni, basi imeisha.

Aimé Césaire alichapisha mchezo wake juu ya Lumumba mwaka 1966, wakati Mobutu alikuwa tayari amekalia kiti. Majina aliyageuza kidogo: Mokutu, Kala-Lubu, Tzumbi. Lakini watu wenyewe hakuwatoa. Vijana wetu wangeweza kupita njia hiyo hiyo, na kwa Swahili ya mji ingeuma zaidi.

Tena walimaliza na mlio wa risasi, kumbe sehemu kali ilikuwa bado. Tarehe 13 Februari wakubwa wa Katanga walitangaza kwamba wafungwa walitoroka, wanakijiji wakawaua. Miili ilikuwa imekwisha kuyeyushwa kwa asidi. Sauti ya redio peke yake, jukwaa tupu: mimi ningelipa mara mbili kuona ile.

Nilimungojea yule kijana nje, nikamuuliza juu ya nini walimuacha Munongo. Alikuwa bado anajipangusa jasho.

« Yaya, tulimuandika. Alikuwa na maneno mengi hata kuliko Lumumba. Kila mutu tulimupa hiyo nafasi, akakataa. Wa mwisho alituambia: nikicheza huyu, kesho nitapita njia gani kwenda nyumbani? »