Tanga Haikuwa Mji wa Kuzimwa wa Pili

Nianze na hukumu, maana wasomaji wa safu hii hamna subira: kuizima televisheni ya analojia ya Tanga tarehe 31 Januari 2013 lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa la kiufundi kabla halijawa la kisiasa. Kuhamia dijitali kwenyewe sina ubishi nako. Masafa yalikuwa yamebanana, na nafasi ya megahezi 8 iliyokuwa ikibeba kituo kimoja sasa inabeba kumi na zaidi. Hiyo ni kazi nzuri, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ya Profesa John Nkoma ipewe haki yake.

Ratiba mnaikumbuka, kwa jinsi tangazo lake lilivyopita chini ya kioo kila usiku. Dar es Salaam 31 Desemba 2012. Dodoma na Tanga 31 Januari. Mwanza mwisho wa Februari, Arusha na Moshi mwisho wa Machi, Mbeya mwisho wa Aprili. Kila mwezi ukiisha, mji unazimwa. Sijui nani aliyeipanga, ila ninaweza kusema hakuwa mtu wa mawimbi. Mtu wa mawimbi hapangi kwa kalenda, hupanga kwa ramani, tena ramani yenye milima na bahari juu yake.

Dodoma ilikuwa chaguo sahihi: iko ndani ya nchi, mbali na mpaka, na mawimbi ya jirani hayafiki.

Sasa tazama Tanga. Mbele yake, ng'ambo ya mkondo, iko Pemba, kiasi cha kilomita 70. Kusini kuna mji wa Unguja, kiasi cha kilomita 120. Kaskazini kuna Mombasa, kiasi cha 130. Hesabu ya fundi yeyote itakwambia kwamba mnara wa mita 100 na antena ya mita 10 juu ya paa huonana kwa kilomita 54 hivi, basi. Kwa hesabu hiyo, mtu wa Ngamiani, mjini Tanga, hakupaswa kuona chochote cha ng'ambo. Lakini watu wa mwambao huu hawakuingoja hesabu. Hewa kavu yenye joto ikilalia hewa yenye unyevu juu ya bahari tulivu, mawimbi hupinda na kuteleza katikati yake kama maji ndani ya mfereji, yakafika mbali kupita upeo. Ndiyo maana kwa miaka ishirini na zaidi ambayo Bara haikuwa na kituo hata kimoja, Mwalimu Nyerere akiiona televisheni ni anasa itakayozidi kuwatenga watu wa mjini na wa vijijini, antena za mwambao zilielekezwa baharini.

Huko baharini kulikuwa na nini? Kulikuwa na Televisheni Zanzibar, iliyoanza 1973, tena kwa rangi, wakati nchi nyingi kubwa za Afrika zilikuwa bado kwenye picha nyeusi na nyeupe. Nimeshasema mara nyingi kwenye safu hii, na nitasema tena: uamuzi ule ndio bora kuliko wote uliowahi kufanywa katika utangazaji wa nchi hii. Si kwa sababu ya rangi. Ni kwa sababu ya mfumo. PAL, mfumo wa rangi uliotoka kwa Walter Bruch na wenzake wa Telefunken, ulibuniwa ili seti ya zamani isiyojua rangi iyapokee mawimbi yale yale na kuonyesha picha nyeusi na nyeupe bila mwenye nayo kununua kitu. Waliotangulia waliliona hilo ni sharti la kwanza: teknolojia mpya isimfukuze mtazamaji wa zamani. Anayeweza rangi aone rangi, asiyeweza aone anachoweza.

Dijitali haina huruma hiyo, na hapa ndipo kosa la Januari 2013 linapoonekana vizuri. Analojia hufa polepole. Mawimbi yakidhoofika unapata chenga, sauti inakwaruza, picha inajirudia kivuli, lakini habari unaipata na mpira unauona, hata kama wakati mwingine iko miwili. Dijitali hufa ghafla. Yakishuka chini ya kiwango, picha inakatikakatika, inaganda, halafu kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanakwambia hakuna mawimbi. Kwa hiyo ukiwa na mtambo wa analojia na wa dijitali wenye eneo linalolingana kwenye karatasi, maeneo hayo hayalingani kwa mtazamaji. Yule wa pembezoni, aliyekuwa akivumilia chenga, anatoka kabisa.

Na mkoa wa Tanga umejaa pembezoni. Pangani iko kilomita 40 hivi kusini, imejilaza mdomoni mwa mto. Usambara ni kivuli kitupu: ukiingia kwenye bonde, mlima unakukatia mawimbi hata kama mnara uko karibu kwa macho ya ndege. Naibu waziri wa wizara husika wakati huo, January Makamba, alikuwa mbunge wa Bumbuli, huko huko Usambara. Hakuhitaji kuletewa mshauri wa nje amweleze mabonde yalivyo. Hoja ya serikali, kwamba panazimwa pale tu ambapo mtambo wa dijitali umeshafungwa, ilikuwa kweli. Ila mtambo kufungwa ni jambo moja, na mawimbi kufika sebuleni kwa mtu ni jambo jingine, na katikati yake kuna antena. Antena nyingi za zamani za mwambao zilikuwa zile ndefu za VHF, zinazotazama bahari. Dijitali ilikuja kwenye UHF, kutoka mnara wa nchi kavu. Basi mtu ananunua king'amuzi, anakichomeka kwenye antena inayotazama Pemba, hapati kitu, anakirudisha dukani akidai ni kibovu. Kampeni ya elimu kwa umma ilisisitiza king'amuzi. Antena ilikuwa inastahili nusu ya kampeni hiyo.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni mpaka.

Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuzima mwisho wa 2012. Sisi tukatimiza ahadi. Kenya ikakwama mahakamani, na analojia yake haikuanza kuzimwa hadi 2015. Fikiria maana yake kwa Tanga. Kuanzia Februari 2013, mtu mwenye seti ya kawaida asiye na king'amuzi alikatiwa ITV na TBC1 za mtambo wa mjini kwake. Kilichobaki hewani kwa analojia upande wa kaskazini, kwa atakayebahatika kukinasa, kilikuwa cha jirani. Tumezima taifa letu tukaacha dirisha la Mombasa wazi, na hali hiyo ikadumu miaka miwili. Kama kuna mji mmoja katika ile saba uliopaswa kuwa wa mwisho, au kusubiri kabisa, ni huu wenye mpaka wa Horohoro mlangoni na visiwa mbele.

Na msiniambie haikujulikana. Miezi mitatu tu kabla ya Tanga kuzimwa, tarehe 24 Oktoba 2012, Uingereza na Ireland zilizima analojia zao za kisiwa cha Ireland siku moja. Siku moja, kwa makusudi, kwa sababu mawimbi ya Dublin na ya Belfast hayana pasipoti. Waingereza hao hao walikuwa wameanza Oktoba 2007 na mji mdogo wa pembeni, Whitehaven, wakajifunza hapo, wakafunga hesabu miaka mitano baadaye huku wazee na walemavu wakiwa na mpango wa kusaidiwa. Sisi tulianza na jiji kubwa kuliko yote, tukajipa siku 31 za kujifunza, tukaendelea. Mwanzoni mwa 2013 wamiliki wa vyombo vya habari, kupitia chama chao, MOAT ya Reginald Mengi, walilalamika kwamba watazamaji wanapotea na wakataka mifumo yote miwili irushwe sambamba. Mengi alikuwa na biashara ya kulinda, ndiyo. Hata mwenye maslahi huweza kusema kweli. Kurusha sambamba hata kwa miezi sita kungetosha kumwonyesha waziri mwenyewe, Profesa Makame Mbarawa, na wizara yake ni paa gani za Tanga zimebaki gizani. Awamu ya pili ya miji ilisubiri hadi 2014, maana yake subira ilikuwepo, ila ilitumika baada ya miji saba badala ya baada ya mmoja.

Na ile tarehe ya Geneva, ambayo kila msemaji aliitaja kwa sauti nzito, wachache waliieleza sawasawa. Mkataba wa Geneva wa 2006 haukuamuru nchi izime ifikapo 17 Juni 2015. Ulisema kuanzia siku hiyo mitambo ya analojia haitalindwa tena dhidi ya mwingiliano wa mawimbi ya jirani. Na jirani wa Tanga, ambaye ndiye angeweza kutuingilia, mwaka 2013 alikuwa bado kwenye analojia mwenyewe.

Kisha kuna hili la vifurushi, ambalo nimelipigia kelele hadi mhariri amechoka. Analojia haikuwa na bili ya mwezi. Ving'amuzi vilivyoingia Tanga viliingia vikiwa na kampuni nyuma yake, na kampuni huishi kwa kifurushi. Chaneli za bure zilipaswa kubaki bure, lakini mtazamaji wa kawaida ikamjengeka akilini kwamba televisheni ni kitu cha kulipia, kikiisha unaongeza. Matunda yake tukayaona Agosti 2018, TCRA ilipoziondoa chaneli za ndani kwenye ving'amuzi vya Azam, DStv na Zuku kwa hoja ya masharti ya leseni. Kisheria labda walikuwa na hoja. Lakini walioumia zaidi ni wale waliolikimbilia dishi kwa sababu ya mabonde, wale wa Lushoto na Bumbuli, ambao mnara wa nchi kavu haukuwafikia 2013 na haukuwafikia 2018. Mtu huyo alizimwa mara mbili na mamlaka ile ile, na mara zote mbili akaambiwa anunue king'amuzi kingine.

Ratiba yangu ingekuwa hivi: Dodoma ya kwanza, peke yake, miezi sita. Mbeya, kisha Mwanza. Dar nyuma yao, mafundi wakiwa wameshazoea. Arusha na Moshi. Tanga ikiwa na analojia na dijitali sambamba hadi Mombasa nayo izime, siku moja, kwa makubaliano ya TCRA na wenzao wa Nairobi. Hilo lingetufikisha 2015, ndani ya muda wa Geneva, na antena zingekuwa zimeshageuzwa.