Randa ya Kina: Sifa Zake na Mipaka Yake kwa Mafundi Wetu

Vyombo vya fundi wa mbao hapa kwetu vinajulikana: msumeno, randa, patasi, nyundo, ekeri na metre. Miaka hii kuna kimoja kinachowafurahisha mno wapenzi wa useremala katika nchi nyingi, na vijana wa atelie wenye simu nao wanakiona na kukitamani. Kwa Kifaransa huitwa guimbarde. Sisi tutakiita randa ya kina, maana kazi yake ndiyo hiyo, kusawazisha kina cha mfereji. Je, furaha hii ina msingi? Twaona msingi upo, ila wengi wanakisifu chombo na kusahau mambo mawili yanayokipa maana: mbao yenyewe na mkono wa fundi.

Tukieleze kwanza. Ni bamba bapa la chuma au la mti, lenye vishikio viwili. Katikati hushuka kisu kilichopindwa kama mguu wenye unyayo. Bamba linateleza juu ya uso wa ubao, na ule unyayo unakwangua chini ya mfereji. Palipoinuka panakatwa, palipofika kipimo panaachwa. Fundi hukata kingo kwa msumeno, huondoa sehemu kubwa kwa patasi, ndipo randa hii inamalizia. Anayetaka ifanye yote tangu mwanzo atachoka bure, na mbao itapasuka.

Kazi hiyo ni ndogo, lakini haidharauliki. Nafasi ya bawaba ikiwa na kina zaidi juu kuliko chini, mlango unavutwa upande na kugoma kufunga. Mfereji wa etajere ya kabati usipokuwa sawa, etajere inacheza. Hapo ndipo tunaona ile dawa ya siku zote, unga wa mbao na kole, kuziba aibu. Mteja haoni siku ya kwanza. Anaona baada ya miezi, na jina la fundi linaharibika mtaani.

Tusidanganyike kwamba chombo ni kipya. Mafundi wa Ulaya walijitengenezea cha mti tangu zamani, na Waingereza wakakipa jina la utani, jino la bibi kizee. Mwisho wa karne ya 19, kampuni ya Stanley ya Marekani ilitoa cha chuma, namba 71. Katika karne ya 20 mashini za umeme zilichukua kazi ile, na Stanley ikaacha kukitengeneza. Kisha wapenda kazi ya mkono wakaanza kukitafuta tena, na kampuni kama Veritas ya Kanada na Lie-Nielsen ya Marekani zikatoa vya kwao. Kinachoitwa kipya leo ni mzee aliyerudi na nguo mpya.

Wazee wa kazi watasema: sisi tulipima kwa jicho, mbona tuliweza? Ni kweli. Anayechonga mtumbwi wa kukamulia ndizi za kasikisi hana bamba wala visi. Anapiga tezo, anapapasa kwa vidole, anajua unene uliobaki. Milango ya nakshi ya Lamu na Unguja nayo ilichimbwa kwa patasi na jicho. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini jicho lile lilifundishwa miaka mingi kando ya patro mvumilivu. Leo kijana anakaa atelie muda mfupi, kisha anafungua yake. Randa ya kina inaweza kumsaidia, kwa sababu inamwonyesha papo hapo alipokosa: pale kisu kinapogota, pale kinapopita hewani. Tukiitumia hivyo ni mwalimu. Tukiitumia kukwepa kujifunza patasi, ni gongo la mtu asiyeumwa mguu.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni la mbao. Kutoka Kimemi hadi Bulengera, mbao nyingi zinazouzwa, libuyu au mkaratusi, hufika bado mbichi, zimepasuliwa kwa mashini porini na kuteremshwa kwenye lori. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa samaki na kwa mtoto ni sawa, kwa mbao apana. Mbao ikikauka hupungua upana na unene, lakini urefu karibu haubadiliki. Mfereji uliosawazishwa kwa ustadi wote kwenye ubao mbichi utabana au kupinda wenyewe. Mafundi wa Ulaya walikuwa na kanuni: mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila santimetre 2.5 za unene. Kanuni hiyo si lazima ilingane na hewa ya Butembo, lakini fundisho lake ni letu pia. Kupanga mbao juu ya vijiti, chini ya paa, hewa ipite, hakuhitaji chombo cha ng'ambo. Kunahitaji subira, na mteja anayekubali kungoja.

Tunasema haya kwa sababu kuna la kupoteza. Mwenye pesa siku hizi hununua kabati ya mbao ya unga kutoka China, kwa vile milango yake inafunga. Hajali kwamba ikilowa inavimba. Kama kabati ya libuyu, ambayo ingedumu hadi kwa wajukuu, inacheza na kupinda, tunamfukuza mteja wenyewe, na mti uliokatwa msituni umekufa bure.

Basi ushauri wetu kwa vijana ni huu: msikimbilie bei ya chuma cha kutoka Marekani. Fundi Paul Sellers wa Uingereza ameonyesha katika video namna ya kupitisha patasi kwenye kipande cha mti mgumu, na ikafanya kazi ileile. Mti mgumu tunao, patasi tunayo. Fundi aliyejichongea chombo chake anajua kwa nini kinakata, na kikiharibika anakitengeneza. Na kabla ya kukiweka juu ya ubao, aulize kwanza kama ubao umekauka.