Kioo cha Kuchomelea: Jinsi ya Kukijua Kabla Hujalipa

Nyumba zinazidi kuota Kerege, wilayani Bagamoyo, na kila nyumba mpya inataka geti na magrili ya madirisha. Mafundi wa kuchomelea walioko kando ya Barabara ya Bagamoyo chuma wanakipata, vijiti wanavipata, grainda zipo. Kinachoadimika ni kipande kidogo cha kioo cheusi cha kulinda macho. Kikikosekana, miwani ya jua ya bei poa hushika nafasi yake, na hapo ndipo fundi anapoyauza macho yake bila kujua.

Anza na namba ya giza. Kwa kuchomelea kwa kijiti kwenye ampea 100 hivi, tafuta namba 10. Moto ukizidi, panda hadi 11 au zaidi. Kwa gesi, namba 5 hutosha kazi nyingi. Namba 10 hupitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya takriban 7,000. Miwani ya jua iliyo nyeusi vya kutosha hupitisha sehemu 1 kati ya 10, yaani kwa kipimo cha kuchomelea haifiki hata namba 4. Wapo wanaovaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Hesabu inawakataa: sehemu 1 kati ya 100 bado haijafika namba 6.

Weusi wenyewe ni nusu tu ya habari. Moto wa kuchomelea una miale miwili isiyoonekana. Wa kwanza ni urujuanimno, unaounguza uso wa jicho. Fundi hufunga kazi akiwa mzima, kisha usiku huamka macho yakiwasha kama yamejaa mchanga. Wa pili ni infraredi, miale ya joto, ambayo haiumi siku hiyo wala mwaka huo. Huifikia lenzi ya jicho na, kwa miaka ya kazi, huweza kuleta mtoto wa jicho. Kioo chenye giza kisichozuia miale hii ni kibaya kuliko kutokuwa na kioo, kwa sababu mboni hupanuka gizani na fundi hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi.

Waliolijua hili mapema ni wafanyakazi wa vioo. Ugonjwa wa mtoto wa jicho uliwaandama wapuliza vioo wa Ulaya kiasi kwamba mwanakemia wa Uingereza, William Crookes, alijaribu mamia ya michanganyiko ya kioo kutafuta kitakachozuia joto bila kumtia mtu gizani, akachapisha matokeo yake mwaka 1914. Leo anayeyeyusha kioo kwa moto wa gesi, kwa mfano kutengeneza shanga, hutumia miwani ya didimiamu, mchanganyiko wa neodimiamu na praseodimiamu. Kazi yake ni kufuta ule mwanga wa manjano wa sodiamu unaowaka kioo kinapopata moto, ili fundi aone anachofanya. Kuijua miwani hiyo ni rahisi: tupa chembe za chumvi kwenye moto wa gesi, uutazame kupitia kioo. Manjano ikitoweka, ni didimiamu. Ikibaki, umeuziwa rangi. Ila didimiamu peke yake haizuii infraredi ya kutosha kwa tanuri, wala haifai kabisa kwa kuchomelea chuma.

Neodimiamu na praseodimiamu zimo Ngualla, mkoani Songwe, ambako serikali ilitoa leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2023. Lakini kati ya mwamba na miwani kuna viwanda vya kusafisha madini hayo ambavyo Tanzania haina. Kwa hiyo karakana ya kupuliza vioo kama Shanga ya Arusha inaweza kupata chupa kuukuu tele, huku kinga ya macho ikiagizwa kutoka ng'ambo.

Turudi kwa kioo cha mchomelea geti. Kishike ukitazame ukingoni: rangi ya kijani iliyokolea iwe imeingia mwilini mwote. Ukingo ukiwa mweupe na giza likakaa juu tu kama rangi ya kupaka, kirudishe. (Kuna vioo bora vilivyopakwa dhahabu, lakini hivyo havifichi namba zake.) Kishike kwa mkono ulionyooka, utazame kupitia kwake kingo za dirisha zikiwa na mwanga wa mchana nyuma yake, ukikisogeza taratibu; mstari ukipinda, kina mawimbi na kitakuumiza kichwa. Tazama taa ya kawaida ya chumbani: kupitia namba 10 utaiona taa kwa shida, na vyombo vya chumbani havionekani kabisa. Ukiiona sura ya muuzaji, hicho si kioo cha namba 10.

Mwisho soma alama. Kioo halali huwa na namba ya giza na alama ya mtengenezaji, pamoja na kiwango kama EN 169 au Z87. Alama hughushiwa, hivyo isitangulie majaribio hayo mengine.

Kioo cheupe kinachokaa mbele ya kile cheusi ndicho kinachopokea cheche. Kibadilishe kikichakaa, cha ndani kitadumu. Ukimwagiza mtu Gerezani, Dar es Salaam, mwandikie kwenye karatasi: kioo cheusi namba 10, milimita 51 kwa 108, vipande 2, na vyeupe 10 vya kipimo hicho hicho. Ukimwambia tu "miwani ya welding," atakuletea ya jua.