Tabasamu la Pakiti, Chozi la Ripoti

Ukiuliza wasanii vijana wa Kenya wanaandika nini zaidi, usitarajie jibu liwe shairi au hadithi. Wanaandika maombi ya ruzuku. Usiku, bando ikiwa bei nafuu, au mchana kwenye saiba ya mtaani, mchoraji ambaye hajawahi kujiita mwandishi anajaza kurasa nane kueleza kwa nini picha zake zinastahili kulipiwa. Sijui tanzu nyingine inayoandikwa kwa bidii hivyo na kusomwa na watu wachache hivyo: jopo la wasomaji watatu au wanne, kisha barua pepe ya masikitiko. Na kwa sababu maandishi hayo hayachapishwi, hayahakikiwi. Tunahakiki riwaya, filamu, hata mimu za WhatsApp. Fomu ya ruzuku tunaijaza tu.

Nadhani inafaa tuisome kama tunavyosoma maandishi mengine. Na mahali pazuri pa kuisomea ni Kericho na Bomet, kwenye milima ya chai, kwa sababu picha ya huko imekuwa ikiagizwa na watu wa mbali kwa karibu miaka 100.

Tuanze na fomu yenyewe. Zipo za kila aina, lakini msuko haubadiliki sana. Kuna tatizo. Kuna kundi linaloumizwa na tatizo. Anakuja shujaa, yaani mradi wako, na baada ya miezi 12 kundi limebadilika. Wahusika wakuu ni wawili: mnufaika, ambaye hana jina ila ana idadi, na mdau, ambaye hakuna anayejua kazi yake ila lazima awepo. Msamiati nao una wafalme wake: kuwezesha, kujenga uwezo, uendelevu, ushirikishwaji. Mwisho lazima uwe mzuri, tena uwe umepangwa kabla kazi haijaanza. Hebu fikiria mwandishi wa hadithi akidaiwa aahidi mwisho kabla hajaandika sentensi ya kwanza.

Swali ambalo mara nyingi halipo ni lile ambalo mtu yeyote wa kawaida angeuliza kwanza: itaonekanaje? Picha ina ukubwa gani? Ni rangi gani, karatasi gani, ukuta gani? Mtu akisimama mbele yake ataona nini? Unaweza kujaza fomu nzima ya mradi wa sanaa za kuona bila kuonyesha jicho lako popote, isipokuwa kwenye viambatisho vya mwisho.

Sasa ipeleke fomu hiyo Kericho.

Kampuni za Uingereza zilianza kupanda chai huko kwa wingi miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay zikiwa mbele. Ardhi haikuwa tupu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria. Walizuiliwa huko hadi Uhuru ulipokaribia. Picha iliyosafiri duniani kutoka milima ile haikubeba habari hiyo. Ilikuwa picha ya pakiti: mteremko wa kijani, mwanamke mwenye kikapu mgongoni, tabasamu. Kwenye picha hiyo hakuna nyumba, wala njia ya kwenda nyumbani. Ni mandhari ya mtu anayetazama kutoka juu huku akipiga hesabu.

Februari 2023 picha iligeuka. BBC ilitoa uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi kwenye mashamba yaliyokuwa yakiendeshwa na Unilever na James Finlay. Mei mwaka huohuo waandamanaji Kericho wakateketeza mashine za kuchuma chai, zile zinazochukua kazi ya mikono. Dunia ikaona Kericho nyingine, na ilihitaji kuiona. Uandishi ule ulifanya kazi yake.

Shida inaanza msanii anapoketi na fomu. Mbele yake sasa kuna picha mbili ambazo msomaji wa jopo anazijua tayari, ya tabasamu na ya chozi. Ya kwanza iliuza chai. Ya pili inauza miradi. Kimaadili haziko sawa hata kidogo. Chozi ni la kweli na tabasamu lilikuwa tangazo. Lakini kwa jinsi zilivyotungwa zinafanana: katika zote mbili mchuma chai anatazamwa, hatazami. Na zote mbili zimekatwa kwa kipimo cha mtu ambaye hajawahi kupanda matatu ya kwenda Litein.

Nitoe mfano wa kubuni. Tuseme kuna mpiga picha wa Litein, dada wa miaka 26, anayetaka kushughulikia sotet. Sotet ni kibuyu cha maziwa cha Wakipsigis. Ndani kinapakwa mkaa wa senetwet, nje kinapambwa kwa shanga, na humo ndimo mursik inaiva. Ndicho kile ambacho wanariadha wetu wananyweshwa uwanja wa ndege wakirudi na medali. Kila mtu amepiga picha ya nje. Yeye anataka ya ndani: ule weusi uliopakwa na mkono wa bibi mmoja mwaka baada ya mwaka, uchapwe mkubwa kama mlango, utundikwe kwenye kituo cha kununulia majani chai siku ambayo hakuna majani. Pale ambapo kila wiki watu hupanga foleni kupimiwa kilo, wakute giza la nyumbani kwao limeangikwa ukutani.

Mimi ningepanda gari kwenda kuona hiyo kitu. Lakini akiiweka kwenye fomu, inatoka hivi: mradi huu utawawezesha wanawake 50 wa jamii zinazolima chai, kupitia sanaa za kuona, kuhifadhi urithi wao na kuimarisha ustahimilivu wao wa kiuchumi.

Sentensi hiyo haina uongo, bana. Wanawake wapo, urithi upo, na pesa kweli hakuna. Ila ifanyie jaribio dogo: toa neno chai, weka neno samaki, uitume kutoka Homa Bay. Inapita. Weka mkonge, uitume kutoka Taita. Inapita pia. Sentensi inayoweza kuishi popote haijazaliwa mahali. Wazo la kibuyu halihami hivyo, maana ukiling'oa Kericho linakufa.

Najua jibu la wafadhili, na si jibu la kijinga. Pesa za ruzuku ni kodi za watu au mali ya wakfu, na lazima mtu azitolee hesabu. Jopo linasoma mamia ya maombi kwa wiki chache. Idadi na malengo husaidia kuyalinganisha. Na msanii anayesema tu niamini, mimi nina kipaji, hajampa mtu sababu ya kumwamini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sawa. Lakini kuna kuinama, na kuna kulala kifudifudi mpaka ukasahau ulikuwa unatafuta nini chini ya kitanda.

Je, inawezekana kupata ruzuku bila kulia? Inawezekana, na mfano upo hapahapa. Mradi wa International Inventories Programme uliwaleta pamoja Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nest Collective na wa SHIFT, na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Köln na ya Frankfurt. Pesa zilitoka Goethe-Institut na wakfu wa utamaduni wa serikali ya Ujerumani. Walitengeneza orodha ya vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho ya ng'ambo. Onyesho lilipofunguliwa Nairobi mwaka 2021, makabati ya kioo yaliachwa matupu. Watu wa Bonde la Ufa hawakuhitaji mwalimu wa kuwafafanulia kabati tupu: fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905, zilirudi Kenya mwaka 2006 tu.

Tazama walichofanya. Badala ya kumpiga picha Mkenya anayeomboleza, walionyesha nafasi, na mtazamaji akabaki na kazi ya kuijaza. Orodha iliwapa wafadhili idadi wanayoitaka, na kioo kitupu kikatupa sisi sanaa. Fomu na kazi viliweza kuishi nyumba moja kwa sababu idadi ilitoka ndani ya wazo lenyewe, haikubandikwa juu yake.

Utasema, hao walikuwa na makumbusho nyuma yao, na huyu dada ana kamera na bodaboda ya kukodi. Kweli. Ramani ya sanaa ya Kenya imeelemea upande mmoja. Kuona Trust ilianzia Nairobi mwaka 1995, GoDown ikafuata Nairobi mwaka 2003, na Kericho iko zaidi ya kilomita 250 kutoka huko. Fomu inayodai hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu inawaandikia watu wa Nairobi hata kama haisemi. Ndiyo maana inafaa kujua mlango upi una ngazi fupi. Tuzo za Seed za Prince Claus Fund ya Uholanzi, kwa mfano, humpa msanii anayeanza euro 5,000 yeye mwenyewe, bila kumlazimisha ajifanye shirika. Na kwa wanaotaka kuomba kama kundi lisilo la faida, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inaruhusu watu 10 kusajili kikundi. Hiyo ni kazi ndogo kuliko kusajili shirika chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ambayo ilipitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024.

Halafu kuna mfadhili tunayemsahau kwa sababu anakaa karibu mno. Ibara ya 11 ya Katiba inaitaja tamaduni kuwa msingi wa taifa na inaidai serikali ikuze sanaa. Jedwali la Nne linaipa kaunti kazi ya makumbusho na shughuli za kitamaduni. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na kabla hayajapitishwa wananchi lazima wasikilizwe. Wasanii wangapi wa Bomet wamewahi kusimama kwenye mkutano huo wakaomba ukuta, chumba, au hata taa za kutundikia picha? Pesa ya kaunti ina siasa zake, hilo halifichiki. Lakini mtu wa kaunti hahitaji kuelezewa sotet ni nini. Ukurasa mzima wa utangulizi unaanguka, na unabaki na nafasi ya kusema picha itaonekanaje.

Mahali ambapo ningependa wahakiki wapasome kwa makini kuliko pote ni bajeti. Utangulizi unaweza kupamba. Bajeti inasema nani analipwa. Fungua bajeti nyingi za miradi ya sanaa utaona ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, fulana, bango, mpiga picha wa kurekodi hafla. Msanii yuko wapi? Kwenye safu ya kujitolea. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, msanii hulipwa kwa fursa. Na yule bibi mwenye kibuyu? Hayumo kabisa. Yeye ni mnufaika, eti ananufaika kwa kupigwa picha.

Hapo ndipo pakiti na ripoti zinapokutana. Kwa karibu karne nzima watu wa milima ya chai wamekuwa sura ya biashara ya wengine bila sura hiyo kuingia kwenye hesabu. Kwa hiyo mstari mmoja unaosema familia sita zitalipwa kiasi fulani kwa kuazima vibuyu 12, na kila familia itabaki na nakala moja ya picha, ni uhakiki mzito kuliko aya tatu kuhusu ukoloni. Mfadhili akiukata mstari huo, umejua unashughulika na nani. Akiuacha, kazi yako tayari imeanza kuwa tofauti na pakiti.

Kericho imeshatoa msanii ambaye hakungoja kipindi cha mradi. Chelenge Van Rampelberg, mzaliwa wa huko mwaka 1961, alijifundisha mwenyewe kuchonga, kuchora na kuchapa, na kazi zake za miongo kadhaa zilikuja kuonyeshwa pamoja kwenye taasisi ya sanaa ya NCAI, Nairobi. Miongo haiingii kwenye jedwali la miezi 12. Ruzuku nzuri inanunua kipande kidogo tu cha muda huo: kodi ya chumba, mbao, wino, miezi michache ya kutokimbizana na vibarua. Ikiombwa kwa lugha hiyo, haihitaji kuahidi kubadilisha jamii.

Kwa hiyo yule dada wa Litein, akinisomesha andiko lake kabla ya siku ya mwisho, ningemwambia ahamishe wanawake 50 kutoka sentensi ya kwanza. Aanze hivi: nitapiga picha ndani ya vibuyu 12, nitazichapa kwa urefu wa mita mbili, nitazitundika kwa siku tatu mahali ambapo wenyewe hupeleka majani chai. Halafu bajeti, na majina ya kazi za watu wote wanaolipwa, yeye akiwemo. Hata jopo likimkataa, atakuwa limemkatalia wazo lake mwenyewe, na wazo hilo bado anaweza kulifanya na vibuyu vitatu, pazia jeupe, na projekta ya kuazima kutoka kanisani.